Namba za Wade

Royce Pettway alitupia taulo juu ya skrini kabla boti haijapunguza mwendo, na Daktari Haskell, mteja aliyekodi boti siku hiyo, akacheka mpaka akapaliwa.

"Kapteni, mimi nang'oa meno Birmingham. Namba zako nitazipeleka wapi?"

"Wa mwisho kuzitoa namba zangu alikuwa na sura nzuri kukushinda wewe."

Verlene, mkewe na msaidizi wake pale botini, aliendelea kukata chambo. Alijua anayesemwa.

Katika pwani ile ya Alabama mtu atakuazima lori lake na mafuta akujazie, lakini namba hakupi. Namba hizo za GPS, za mahali hasa baharini, ndizo zinazokufikisha palipozama tishari, au basi la shule, au kifaru cha jeshi, au takataka yoyote iliyoshushwa chini iwe nyumba ya samaki. Baba humwachia mwanawe siku ya kufa, si kabla. Wade, mtoto wao wa pekee, alimpa rafiki yake namba moja ya baba yake, na Jumamosi iliyofuata Royce akakuta boti nne zimetulia juu ya tishari lake. Wakatukanana gatini mbele za watu.

"Katafute namba zako mwenyewe!" Royce alimfokea.

Wade akapakia nguo na fimbo za kuvulia kwenye boti yake ndogo. Akasema anaifuata pwani mpaka Texas, kwenye visima vya mafuta, na mtu asimtafute.

Hawakumtafuta. Miaka mitatu sasa. Simu yake haikupatikana tena, na Royce alisema mtu mzima akitaka kuzungumza, mlango wa kwao anaujua. Verlene alimwandikia ujumbe kila Jumapili akitoka kanisani. Alikuwa na haja moja tu duniani: Royce alainike, mtoto arudi nyumbani.

Siku hiyo samaki waligoma. Kwenye tishari, hola. Kwenye basi, hola. Kifaru kikatoa changu wawili wadogo, wa kurudishwa majini. Daktari alikuwa amemaliza njugu zake za kuchemsha na sasa anaangalia saa.

"Nina namba moja," Verlene akasema.

Royce akageuka. "Wewe? Umeipata wapi?"

"Kwa Wade."

Verlene akafuta mikono kwenye aproni, akaona bora amalize.

"Alinipigia jioni ileile aliyoondoka. Kapata mwamba wake, Royce, siku ya kwanza tu! Nimeitunza mpaka leo, hata wewe sikukwambia. Si ndiyo sheria yenu, namba ya mtu ni siri yake? Basi twende ukaone kama mwanao haijui bahari."

"Twendeni jamani," Daktari akadakia. "Mimi nilikuja kuvua, sikuja kusuluhisha ndoa."

Verlene akaitaja kwa kichwa, tarakimu zote, na Royce akaibonyeza. Zilikuwa maili tisa tu kutoka ufukweni. "Pale ni mchanga mtupu," akanung'unika. "Nimepapita mara mia." Lakini akaenda.

Walipofika, skrini ikaonyesha kitu. Kilikuwa kilima kidogo juu ya mchanga, na samaki wamekizunguka kwa wingi hata chini hapaonekani vizuri. Royce alisogeza taulo pembeni, akatazama, akatazama tena. Kisha akaupiga usukani kwa kiganja.

"Mtoto mshenzi huyu," akasema, na machozi yakamlenga. "Kakipata! Mimi nimezunguka hapa miaka thelathini, kakipata yeye!"

"Si nilikwambia?"

"Ulinyamaza miaka mitatu, usijidai." Akamvuta mkewe, akamkumbatia na harufu yake yote ya chambo. "Kesho boti haitoki. Tunakwenda Texas. Tutauliza kisima kwa kisima mpaka tumpate. Nitamwomba radhi mimi mwenyewe, unasikia? Mimi mwenyewe."

Verlene alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Daktari alikuwa ameshateremsha kamera yake ya majini, kidude alichokuwa anakiringia tangu asubuhi. "Acheni mapenzi, njooni muone changu walivyonona!" akaita. "Wamejifanyia mji ndani ya boti ya watu."

"Boti gani?" Royce akauliza.

Ilikuwa boti nyeupe, imelala ubavu, pua imezama mchangani. Samaki wekundu waliingia na kutoka chini ya usukani. Ukingoni kulikuwa na vishikio vinne vya fimbo, na cha mwisho kilikuwa kimechomelewa upande. Royce alikichomelea mwenyewe, Wade alipotimiza miaka kumi na sita, na walicheka wote wawili kwa jinsi kilivyopinda.

Daktari aliwatazama mmoja mmoja, akaacha kuvuta uzi wa kamera.

"Verlene," Royce alisema, macho yakiwa palepale. "Kwenye simu. Alisemaje?"

"Upepo ulikuwa mkali, sauti inakatika. Alikuwa anahema." Verlene alizungumza polepole, kama mtu anayejisikiliza. "Akasema, 'Mama, andika.' Akaitaja namba mara mbili."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia hongera, mwanangu. Nikamwambia sitamwambia mtu."