Kiti cha Katikati ya Spika

Mzee na kile kiti cha katikati ya spika tano walikuwa chanda na pete. Aliketi, fidla mapajani, wenzake watatu wa kundi wakasimama nyuma yake. Binti yake, fundi wa kurekodi, akabonyeza kitufe wasikilize walichotoka kupiga.

Muziki wenyewe ulianza kwa mnong'ono, kwa hiyo kimya hakikumshtua binti.

Zamani baba yake alisikiliza kwa kufumba macho. Leo alizikodolea macho taa za kijani za kupimia sauti, zilizopanda na kushuka kwenye meza ya binti, kidole kikigonga ubao wa fidla kuzifuata.

"Hapo! Hapo penyewe!" akasema, machozi yakimlengalenga. "Umeisikia fidla yangu inavyolia, mwanangu?"

Ndipo binti akagundua kwamba hakuwa amefungua sauti. Spika zote zilikuwa bubu. Chumba kizima kilisikia kidole cha mzee tu.

Akageuka awaombe radhi wale watatu. Walikuwa wameinamisha vichwa. Hakuna aliyeshangaa.

"Nimeisikia, baba," akajibu.

Mzee aliendelea kuzitazama taa.

Binti akamzunguka, akapiga magoti mbele yake, mahali ambapo mzee angeiona midomo ya bintiye, akarudia polepole: "Nimeisikia."