Kengele Kwenye Nguzo ya Baraza

"Hapa chini?" Rachidi aliuliza. Alikuwa amepiga magoti barazani mbele ya nguzo, msumari mdomoni na spika ndogo nyeusi mkononi.

"Hapo chini," Liévin alisema. "Iangalie uwanja."

Fundi alitoa msumari mdomoni. "Papa Héritier, miye nimefunga alarme kwa watu wengi. Wote wanaweka spika mu chumba, karibu na kitanda. Ukiweka inje, mwizi naye atasikia."

"Asikie."

Elodie, mke wa Liévin, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe, binti yao Jemima amekaa kati ya magoti yake. Hakuinua uso.

"Rachidi, usimuite tena Papa Héritier. Muite Papa Jemima."

Rachidi alikuwa amerudi Bunia juma lile tu, baada ya miezi mingi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mambasa. Hakuwa na habari. Lakini mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo likibadilika hakuna la kuuliza. Aliweka nyundo chini.

"Pole, mama. Pole, papa. Ilikuwa maladi?"

"Gari," Liévin alisema. "Iliingia hapa mchana. Haikupiga honi. Hakuna mutu aliyeisikia."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hata hivyo alijiona kama mtu anayesema uongo kanisani.

Fundi alitikisa kichwa. Mjini kila mtu alikuwa na habari zake za watu wabaya waliokuja na gari, naye akaiweka hii pamoja na zile.

"Na dereva ndiye mubaya zaidi," alisema. "Wenzake wanashuka, yeye anakaa tu na usukani mukononi. Mulimujua?"

"Tulimujua," Elodie alisema.

"Na iko anatembea tu hapa mu mji?"

"Iko anatembea."

"Basi miye singefunga kengele, Papa Jemima. Ningechimba shimo pale njiani, aanguke ndani na gari yake."

"Shimo nililifikiria," Liévin alisema.

Fundi alicheka kidogo, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

Ndani, nyuma ya mlango, kulikuwa na sanduku la nguo lililofungwa tayari. Elodie alikuwa amesema mara moja tu, bila kupaza sauti: kengele ifungwe na ilie, au yeye na Jemima waende kwa mama yake kule Ariwara, wasirudi. Liévin hakubisha. Sanduku alilipita kila alipoingia, kama mtu anavyompita mgeni anayemdai jibu.

Ua wao ulikuwa chini ya mteremko. Hawakuwa na lango, ila uzio wa miti wenye nafasi ya gari kupita. Rachidi aliitazama nafasi ile kwa muda.

"Mungeweka portail ya chuma tu. Mambo ingekwisha."

"Portail tungemufungulia," Elodie alisema.

Rachidi hakuelewa, akaona si vizuri kuuliza. Alipanda njia na kisanduku kingine kidogo, alichokiita jicho, akakifunga kwenye mti juu kidogo ya uzio. Kitu chochote kikubwa kikipita mbele yake, spika ya barazani ingelia.

Alijaribu kwa pikipiki yake. Ilishuka ikinguruma, na kengele ikalia kwa nguvu hata kuku wakatawanyika. Jemima aliziba masikio, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Liévin kusikia kicheko katika ua ule tangu matanga. Aligeuka upande.

"Jaribu tena," alisema. "Zima moteri. Acha ishuke yenyewe."

"Mwizi gani anazima moteri, papa?"

"Jaribu tu."

Pikipiki ikashuka kimya, tairi tu zikisaga kokoto. Kengele ikalia vilevile.

"Umeona?" Rachidi alisema, akijipangusa mikono. "Hata aje kama paka. Mama Jemima, sasa utalala vizuri."

Elodie aliweka ungo kando. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama mume wake machoni.

"Sasa na gari," alisema.

Teksi ya Liévin ilikuwa juu, kwa jirani yao Gustave. Alikuwa ameiacha kule tangu mazishi, na vumbi lilikuwa limefunika vioo vyote. Alivifuta kwa mkono wa shati. Gustave alitoka mlangoni pake, akamsaidia kusukuma mpaka moteri ikashika.

Liévin aliendesha polepole. Alipofika pale mteremko unapoanza, paa lake lilionekana chini, kisha uzio, kisha lundo la mchanga ambalo hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kuliondoa.

Mkono wake wenyewe ukageuza ufunguo. Moteri ikazimika, petroli isiungue bure mteremkoni, kama alivyozoea kila alipokuwa akirudi nyumbani, kama siku ile ambapo Héritier alikuwa amechuchumaa nyuma ya uzio akijenga barabara yake ya mchanga.

Gari likateremka bila sauti. Chini, kengele ikaanza kulia, na kupitia dirishani alimsikia Elodie akiita kwa upole:

"Kimbia barazani, Jemima. Papa yako iko anaingia."