Nafasi ya Togwa

Bi Mwanaidi alimkuta Siwema, mke wa mwanawe, akijaza togwa kwenye dumu mpaka pomoni.

“Usiijaze hivyo, mwanangu. Ikianza kuchacha inapanda. Ukiinyima nafasi, itapasua dumu.”

Akapunguza kikombe kizima. Kisha akalitazama pazia lililogawa chumba chao kimoja: huku godoro lake, alilolalia tangu alipokuja masika, kule kitanda cha wanandoa.

“Kesho nirudi kwangu,” alisema.

Siwema alikitwaa kile kikombe, akatia sukari, akampa kwa mikono miwili.

“Na hii uliyoipunguza, mama, nani ainywe kama si wewe?”

Togwa ilikuwa baridi, lakini Bi Mwanaidi aliinywa kidogo kidogo, kama uji wa moto.