Hata Tone

Mbeyu alifika zahanati jua limeshawaka, mtoto mgongoni, vumbi hadi magotini. Muuguzi akamfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imekunjamana.

"Anaharisha tangu lini?"

"Juzi, sista."

"Na maji umempa?"

"Hata tone!" Mbeyu alijibu kwa fahari kidogo. "Mama mkwe alinionya kwamba maji yanazidisha kuharisha. Mtoto akawa analia, anaunyooshea mtungi mkono. Nilijikaza, sikumpa."

Muuguzi alisikiliza kifua cha mtoto, akarudia, kisha akamfunika khanga hadi usoni. Akamletea mama kikombe cha maji.

"Kunywa, mama."

Mbeyu alikipokea kwa mikono miwili. Akafunua pembe ya khanga, akakisogeza kwenye midomo ile mikavu, taratibu, yasije yakamwagika.