Mkono wa Kalunde

Siku hizi kila nyumba ina mkono mmoja tu ulioandikishwa kutengeneza baiskeli. Mkono mwingine ukigusa nati, magurudumu yanajifunga moja kwa moja, na hayafunguki tena. Kwetu tuliandikisha wa mke wangu Kalunde, maana mimi nilikuwa mtu wa kuzurura.

Juzi asubuhi pedeli ya kushoto ililegea. Kalunde akachukua spana, akaanza kuizungusha kuelekea kulia. Nikashtuka. Pedeli ya kushoto hukazwa kinyume, na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo chama kizima cha baiskeli.

"Mama Milembe, geuza upande wa pili," nikamwambia.

"Mzururaji wewe, leo unifundishe spana?" Akacheka, huku anaifungua.

Nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Dawa yake ya kumbukumbu iko zahanati, kilomita arobaini, na usafiri wetu ni baiskeli hiyo tu.

"Tayari," akasema, akifuta spana kwa kanga.

Kidude cha chini ya tandiko, kile kinachosoma mikono, kikamtambua. "Asante, fundi. Safari njema."

Pedeli ilikuwa inaning'inia. Kalunde akanishikia usukani.

"Panda basi, baba. Unaogopa nini?"

Nikapanda, nikaondoka nikikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake.