Kidonge cha Pinki

Kwa siku ya tatu mfululizo, presha ya Mzee Ngwali ilishuka baada ya uji wa asubuhi. Nesi Leokadia akaacha kuitazama mashine, akamtazama Bi Mize, mke wa mzee.

"Bibi, nyumbani mzee anatumia dawa gani?"

Bi Mize alikumbatia chupa ya uji. "Si mmeandika kwenye faili lenu?"

"Faili linajua tunazompa sisi. Za nyumbani unazijua wewe."

Bibi akafungua kifundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa kidonge cha pinki. "Miaka tisa nampa hiki kwa mkono wangu. Hapa sikuwaona mkimpa, nikajua mmemsahau. Niliogopa mtanifokea, mwanangu, nikawa namsagia kwenye uji."

Leokadia hakufoka. Alikwenda kabatini, akarudi na kidonge cheupe, akakiweka kiganjani mwa bibi kando ya kile cha pinki.

"Dawa ni ile ile ya presha, bibi. Rangi tu ndiyo tofauti. Amekuwa akiipata mara mbili."

Bi Mize akamrudishia vidonge vyote viwili. "Kumbe nilikuwa namuua?"

"Hapana, umesema mapema. Leo hatumpi tena. Kesho presha ikikaa sawa nitakuita, cheupe utampa wewe."

Nesi akaandika kwenye faili, akaondoka na vidonge vyote viwili.

Mzee Ngwali, macho bado mazito, akakinga kiganja kama afanyavyo kila asubuhi nyumbani. Bi Mize hakuwa na cha kumpa. Akaweka humo mkono wake.