Zinia za Mama Abby

Muasya alimkuta mkewe aking'oa nyanya. Si magugu, nyanya zenyewe, tena zimeanza kuiva.

“Mama Abby! Kwani umerukwa na akili?”

“Napanda maua,” Mbinya alijibu bila kuinua kichwa.

Maua! Mwanamke aliyeyapigia hesabu maji ya Voi mpaka tone la mwisho, aliyewacheka majirani kwa kunywesha waridi huku mbuzi wakilia kiu, leo anatupa mboga apande maua! Muasya alitaka kucheka, kisha akakumbuka. Jana yake tu alikuwa amemsikia akiongea kwa simu na muuza mbegu wa Mwatate.

“Nipe zinia, zile za kuchanua haraka. Zikikauka msimu ukiisha, sawa tu. Maua ya kukaa miaka siyataki, muda wenyewe uko wapi?”

Tangu watoke hospitalini Mbinya hakuwa yule yule. Walikwenda kwa sababu ya presha ya Muasya. Daktari aliwapima wote wawili, akamwandikia Muasya dawa, kisha akasema, “Mzee, tangulia nje. Mama, wewe baki kidogo.” Muasya alikaa kwenye benchi hadi makalio yakafa ganzi. Mbinya alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

“Amesema nini?”

“Amesema upunguze chumvi.”

Jamani, nani analia kwa sababu ya chumvi?

Nyanya hazijanyauka vizuri, akaja Ndulu, fundi wa jirani, na mtaimbo begani. Akaanza kung'oa nguzo ya lango.

“Nani amekutuma?” Muasya akamuuliza.

“Mama. Anataka lango lipanuliwe, gari lipite.”

“Gari gani? Sisi hata baiskeli hatuna!”

Ndulu akatazama chini. “Pole, mzee,” akasema, akaendelea kuchimba.

Hapo jasho jembamba likamtoka. Muasya si mtoto. Mzee Musyimi wa nyumba ya tatu alipozidiwa, wanawe walifyeka nyasi uani, wakahamisha banda la kuku, wakapanua lango ili gari la kuleta jeneza lisikwame. Mgonjwa angali anapumua! Ndivyo watu hufanya, maana waombolezaji wakishaanza kuja, nani atapata nafasi ya kusafisha boma? Muasya mwenyewe alishika slasha ya kufyekea siku hiyo, huku akimpungia Musyimi mkono dirishani.

Sasa ni zamu yake. Wanajua, na wanamficha.

Abby, binti yao, akaja na treni kutoka Mombasa bila sikukuu wala likizo. Alimkumbatia babake muda mrefu, mabega yakimtetemeka. “Jipe moyo, baba,” alimwambia. Muasya akataka kumuuliza, lakini akauliza habari za safari badala yake. Aliliogopa jibu kuliko alivyowahi kumwogopa ndovu.

Zinia zikaota. Kila asubuhi kabla ya jua Mbinya aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akazimwagilia kwa kopo, akapumzika, akaendelea. Chakula alikigusa tu, akakiacha. Magauni yalianza kumpwaya. Ni huzuni, Muasya alijiambia, maskini, ananililia ningali hai.

“Baba Abby, njoo nikuonyeshe,” alimwita siku moja. “Ua likikauka unalikata hapa, chini ya kichwa. Ukifanya hivyo, mengine yanatoka.”

Muasya alishika mkasi, akakata. Alijua anapewa kazi ya kupoteza mawazo, vile wagonjwa hupewa.

Usingizi ukamhama. Wazo likamwingia, la kitoto, lakini halikutoka: maua haya yana kazi yao, na yakichanua yote, siku imefika. Alipoona chipukizi jipya, alihesabu yaliyobaki. Nyekundu zikafunguka, kisha njano, kisha zile za rangi ya waridi. Mstari mmoja tu ndio uliobaki umefumba, ule wa karibu na mlango.

Adhuhuri moja Mbinya alijilaza ndani. Muasya akanyata hadi nyuma ya nyumba, akamfungua mbuzi kamba.

Mbuzi hahitaji kuelekezwa. Alitafuna ule mstari wote, akaingia wa pili, na Muasya akasimama kando, moyo ukimdunda, akimwombea ashibe polepole.

Kilio cha Mbinya kilimtoa hapo. Mkewe alikuwa ameanguka kwa magoti katikati ya vile visiki, analia kwa sauti ambayo Muasya hakuwahi kuisikia, hata walipozika kitinda mimba wao.

“Ni mimi,” Muasya alisema, naye machozi yakimlengalenga. “Mimi ndiye nimemfungulia. Naogopa, Mama Abby. Sitaki kufa. Niambie tu ukweli, daktari alisema nimebakiza siku ngapi?”

Mbinya akamkodolea macho. Kilio kikakatika.

“Kufa? Wewe? Una presha tu, Baba Abby! Meza dawa zako, uache chumvi, utaishi mpaka uwachoshe watu.”

“Haki ya Mungu?”

“Haki ya Mungu.”

Pumzi ikamrudia Muasya kama mtu aliyetolewa kisimani. Akacheka! Akapiga makofi, akamfukuza mbuzi kwa nyimbo, akacheka tena hadi akashika mbavu. Wiki zote hizo amejizika mwenyewe bure, mjinga mkubwa wee!

“Sasa lango, na maua yote haya,” aliuliza akijipangusa macho, “ni ya kumpokea nani?”

Mbinya alikuwa bado amepiga magoti, akijaribu kusimamisha mche uliovunjika.

“Watu wa kwetu Kitui hawajawahi kufika hapa,” alisema. “Sikutaka waje kunizika kwenye vumbi.”